Kizibo cha Ijumaa

Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tuligombana juu ya injini. Wanandoa wengine hugombania mawifi, au nani aliacha geti wazi. Sisi yetu yalikuwa pistoni na valvu, na tuliyafurahia. Duka langu lilikuwa mbele, likitazama barabara kuu ya Migori, na humo niliuza injini nzima zilizong'olewa kwenye magari ya Japani, zimefungwa kwa waya juu ya mbao, namba zake za kiwandani bado zinasomeka. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka, chini ya mabati, na kazi aliyosifika nayo ilikuwa kuchukua bloku ya injini moja na kuivika kichwa cha injini nyingine. Mteja aliyekuja na gari lililochoka alilazimika kuchagua kati ya mke na mume. Wengine, nina hakika, walikuja kutusikiliza tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchafua mikono nitaeleza mara moja, kisha tuendelee. Bloku ni sehemu ya chini ya injini, yenye mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kichwa hukaa juu yake, kikiwa na valvu, na hapo ndipo injini inapovutia hewa. Injini ya gari la kasi inayotoka kiwandani hupangwa yote na watu wa meza moja, kila kipande kikachongwa ili kipatane na chenzake. Ile niliyoipenda mimi kuliko zote ilikuwa na kifuniko chekundu. Niliipangusa vumbi kila asubuhi kabla hata ya kufagia duka, na mume wangu alikuwa akiniuliza kama nayo inakunywa chai.

Yeye alitafuta bloku kubwa ya gari la kawaida, gari la kupeleka familia kanisani, na juu yake akaweka kichwa kilichotoka kwenye injini ya kasi kama hiyo yangu. Kifua kikubwa na pua pana, ndivyo alivyowaambia wateja. Sisi tuliita mseto.

"Nyar Kendu," alikuwa akiniambia, maana huku mke huitwa kwa jina la kwao, na mimi nimezaliwa Kendu Bay, "hiyo nyekundu yako inaamka tu ukikanyaga mpaka mshale ifike mwisho. Na hapa Migori utakanyagia wapi? Kutoka bumps moja mpaka ingine?"

"Yangu iko na kitabu," nilimjibu. "Ikikufa Awendo, fundi yeyote anafungua kitabu anatengeneza. Yako ikikufa Awendo, na wewe uko mgonjwa, watakuja kukubeba na kitanda."

"Kitabu haivuti gari kwa mlima."

"Na kichwa ya kuazima?"

Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa na haki, ndiyo sababu ugomvi haukuisha. Injini yangu ilitaka petroli safi na oili mpya, na haikuwa na msamaha. Ukiitilia petroli ya chupa za kando ya njia, ilianza kugonga kabla hujafika Rongo. Tena ilikuja na maisha yake ya nyuma ambayo hakuna aliyeweza kunisimulia. Mseto ulivuta tangu chini, haukubagua sana petroli kwa sababu aliupunguzia mgandamizo kwa makusudi, na kila kipande chake alikuwa amekipima kwa mikono yake. Ila ulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeujua, na mtu huyo alikuwa akikoroma kitandani kwangu.

Ugumu wa mseto ni oili. Kichwa kilichotoka kwingine hakikutani na njia ya oili ya bloku iliyo chini yake. Tundu lake linaangukia mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo tundu hilo huzibwa, na oili hupelekwa juu kwa bomba la nje. Hesabu ya bomba lile, upana wake na mahali pa kulichomeka, mume wangu hakuisoma popote. Aliifanya mwenyewe kwa penseli, miaka na miaka, nyuma ya kalenda za zamani.

Kizibo kilikuwa kazi yangu. Tundu ni dogo, vidole vyake ni vinene, vyangu vyembamba. Nilichonga nyuzi za skrubu ndani ya tundu, nikakaza kizibo cha shaba, nikamwambia, "Imeshika," naye akafunga kichwa bila kuangalia. Hakuwahi kuangalia hata siku moja. Ukiniuliza ndoa yetu ilikuwaje, nitakwambia ilikuwa hivyo.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yenyewe.

Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Jua likizama Ijumaa, spana iko chini mpaka jua la Jumamosi lizame. Mume wangu ni Mkatoliki, lakini alizishika saa zangu kuliko baadhi ya Wasabato ninaowajua. Ikifika saa kumi na moja alianza kunifukuza niende nikaoge. Ijumaa hiyo tulikuwa na gari la mnunuzi wa dhahabu wa kule Osiri, mtu wa kuzunguka machimboni kutwa, kwenye njia za mawe na vilima. Alikuwa amesimama dukani kwangu nusu saa akiitazama nyekundu yangu, akaigusa, akaisifu, kisha akapita kwenda nyuma kuagiza mseto. Nilikasirika, na sioni haja ya kuficha. Angekuja kuchukua gari lake Jumapili asubuhi.

Saa kumi na nusu nilikuwa nakaza kizibo, na nyuzi zikakwanyuka. Shaba ikazunguka bure ndani ya tundu. Ilibidi nipanue tundu na kuchongesha kizibo kikubwa zaidi, na fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, tuliyemtegemea alikuwa Msabato mwenzangu, ameshafunga tangu mchana. Jua lilikuwa limeshaingia chini ya mabati. Kwenye droo ya duka palikuwa na risasi za wavu, vile vipande vya metali laini ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Kaka yangu alikuwa ameziacha nimpelekee mtu. Nilichukua kimoja, nikakigongomelea tunduni kwa nyundo ndogo mpaka kikajaa. Kilikaa vizuri, kinang'aa. Niliwaza kwamba kitashikilia nafasi tu, kizuie uchafu, na Jumapili mapema nitakitoa nitie shaba.

"Imeshika?" mume wangu aliniuliza kutoka kwenye meza yake.

"Imeshika," nikasema, nikaenda kuoga.

Hapo ningeweza kumweleza. Lilikuwa jambo la sentensi mbili. Lakini angeuliza nyuzi zimekwanyuka vipi, na mimi nilikuwa bado nimenuna kwa sababu ya yule mnunuzi, na sikutaka kuonekana nimeshindwa na mseto hata katika kuuziba.

Jumamosi nilishinda kanisani. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa mlangoni, uso unang'aa. Alikuwa amefunga kichwa peke yake, na hata ile kazi nyingine yangu, ya kukaza bolti kwa spana ya kipimo, ameifanya yeye. "Leo nimekusaidia," akasema. "Kesho ni kupumzika tu." Alifanya hivyo kwa upendo, na kwa upendo huohuo alifungia risasi yangu ndani. Asubuhi yake mnunuzi alikuja mapema, injini ikawashwa, ikanguruma kwa utulivu kama mtu anayezungumza na nafsi yake, na wote wawili wakacheka. Kufungua tena kulimaanisha kuharibu gasketi, ile karatasi ngumu kati ya bloku na kichwa, ambayo tungeisubiri kutoka Nairobi siku nyingi. Nilimeza maneno. Nilijiambia kwamba risasi huyeyuka kwa moto mkali kuliko wa injini, na hilo ni kweli. Nilichokataa kujiambia ni kwamba hulegea kabla haijayeyuka.

Wiki chache baadaye tulipata nafasi ya kumaliza ugomvi wetu. Daktari wa mifugo wa Homa Bay alikuwa amenunua injini yangu nyekundu, na gari lake lilikuwa na uzito sawa na la mnunuzi wa dhahabu. Tulikubaliana Jumapili moja wote wakutane Homa Bay, kisha wapande kuelekea Rodi Kopany, mmoja baada ya mwingine, nami nikae kiti cha abiria katika magari yote mawili. Hazikuwa mbio. Mume wangu alisema mke wake ndiye mizani, na mizani haina chama.

Nilianza na nyekundu. Kwenye kilima ilinung'unika mpaka daktari aliporudisha gia na kukanyaga. Hapo ikaamka kwa kishindo, ikaimba kwa sauti nyembamba inayopanda, na nikahisi mgongo wangu unazama kitini. Ilikuwa safi, haikutetemeka popote, na nilijiona nimeshinda. Kisha tukarudi chini nikaingia katika mseto. Mnunuzi hakubadilisha gia. Aliacha tatu ileile, akakandamiza kidogo, na gari likaondoka na kilima kana kwamba hakipo. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na kusubiri. Pale ambapo nyekundu ilikuwa inatafuta pumzi, huyu alikuwa ameshapita. Nilitokwa na machozi, na walipouliza nikasema ni vumbi. Nilikuwa nimeona kwamba mume wangu, bila kitabu, chini ya mabati ya Migori, alikuwa ametengeneza kitu ambacho watu wa meza moja hawakuwa wamekitengeneza kwa ajili ya vilima vyetu. Nilimwonea fahari na nikamwonea wivu, vyote kwa pamoja. Risasi nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mwezi wa tatu tangu tulifunge, gari la mnunuzi lilikufa karibu na Rongo. Lilivutwa hadi karakana kwa kamba, na mnunuzi alikuwa amempigia mume wangu simu kwa maneno ambayo sitayarudia. Mume wangu, kwa adabu yake, alisema ataenda Osiri kumwomba radhi ana kwa ana. Nikamwambia aende, mimi nitafungua injini.

Nilifungua nikiwa tayari najua. Risasi ilikuwa imelegea kwa joto, ikasukumwa na oili, ikachungulia nje ya tundu ikiwa imebonyea juu ya gasketi. Oili ilikuwa inavujia hapo badala ya kufika juu. Kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu kule juu, ilikauka ikashika, mkanda ukakatika, valvu zikagonga pistoni. Kila kitu kingine kilikuwa kama alivyokiacha. Lile bomba lake la nje nililipuliza kwa mdomo. Lilikuwa safi, wazi, halina kosa.

Sasa nasema lile nililolifanya. Niliing'oa risasi. Nilienda kwa fundi wa kerezo, akanichongea kizibo cha shaba cha ukubwa uliohitajika, nikapanua tundu, nikakikaza, nikakipaka oili chafu ili kisionekane kipya. Mume wangu aliporudi alasiri kutoka Osiri, nilikuwa nimevipanga vipande vyote juu ya gunia safi. Alivipitia kimoja kimoja bila kukaa. Alipofika kwenye tundu alipitisha kidole gumba juu ya kizibo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiangalia.

"Kizibo iko sawa," akasema.

Nilinyoosha pembe ya gunia. Akaendelea kutazama, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa sawa, hakubakiwa na kingine cha kulaumu ila akili yake mwenyewe. Alisema hesabu yake ya oili ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, na ile miseto mingine inayotembea inatembea kwa bahati tu. Aliusema uamuzi huo kwa sauti ya kawaida, akanawa mikono, akaomba chai. Wiki hiyo nzima tuliwashia jiko kwa kalenda zake. Alizichana yeye mwenyewe. Kichwa cha ule mseto, pamoja na bomba lake, alikitupa nyuma ya banda la kuku.

Tangu hapo ilikuwa miaka sita ya kufunga injini zangu. Alizifunga vizuri, kwa kitabu, na hakunung'unika. Mteja akija na kuuliza habari za mseto, alimwelekeza dukani: "Chukua ya mama. Iko na kitabu." Hakukuwa tena na ugomvi nyumbani kwetu. Tulikula kimya. Nilipowasikia majirani wakigombana nilisimama ukutani nikawasikiliza kwa hamu. Risasi niliiweka katika kopo la vifungo, na kila nilipotafuta kifungo cha sare ya mtoto ilinigonga vidoleni. Mara ngapi nilifungua mdomo, sijui. Nilijua nikisema nitampa hesabu yake, lakini pia nitamwonyesha nani aliyempokonya, na niliona afadhali kuishi na mtu aliyevunjika kuliko mtu atakayenitazama upya. Naandika hivi nikiona aibu.

Mwaka huu fundi mmoja kutoka Kisii alisikia kwamba vifaa vya mume wangu vimelala: vyuma vya kuchongea mitungi, mikromita zake, kile kinu cha kusagia valvu. Alitaka kuvichukua. Mume wangu alikubali, wakapatana aje Jumapili. Ijumaa alasiri nilimkuta karakanani akiviosha kwa petroli, akivipangusa kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye masanduku yake kwa upande unaostahili, kama mtu anayemvalisha mtoto anayepelekwa kulelewa kwa watu. Hapo nikaona kwamba Jumapili ikipita, hata nikisema, hatabaki na vifaa vya kuirudia kazi yake.

Nilienda nikaleta kopo. Nikamwekea risasi kiganjani.

"Nini hii?"

"Risasi ya wavu."

"Risasi naijua. Imetoka wapi?"

"Kwa kichwa ya ile mseto ya Osiri. Nyuzi zilikwanyuka, jua lilikuwa linaenda, nikaweka hiyo. Nilitaka kutoa Jumapili. Ukafunga nikiwa kanisa."

Alikaa juu ya sanduku. Aliigeuza ile risasi, akaona pale ilipobonyea.

"Lakini mimi niliangalia. Ilikuwa shaba."

"Nilibadilisha ukiwa Osiri."

Nilijiandaa kwa matusi, nikayatamani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo hesabu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, mzee. Yote."

"Adier?"

"Adier, kweli kabisa. Bomba ilikuwa safi. Nilipuliza mwenyewe."

Alijifunika uso kwa kile kitambaa cha petroli na mabega yakatikisika. Nilitaka kumshika, nikaogopa. Alipokitoa kitambaa alikuwa mtu mwingine, na hasira nayo ilikuwa imefika.

"Miaka sita, nyar Kendu. Umeniacha niambie watu mimi ni mjinga. Na unanipikia."

Alitazama nje, mwanga ulikuwa umeshashuka hadi kwenye magurudumu ya gari lililokuwa uani.

"Jua inaenda," akasema. "Enda uoge."

Jumapili fundi wa Kisii alikuja, akapewa chai na mkate, akaombwa radhi, akarudi mikono mitupu. Siku hiyohiyo mume wangu aliniambia jambo moja tu: niende Osiri. Nilienda peke yangu, nikamweleza mnunuzi wa dhahabu mbele ya watu wake, kwa sababu ni mbele yao ndipo alipomtukana mume wangu kwa simu. Yule bwana alijikuna kichwa. "Mathe, gari mimi nilishasahau," akasema. "Lakini maneno nilimwambia fundi, hiyo ndiyo mbaya." Juma lililofuata alikuja Migori akayafuta mwenyewe, wakakaa nyuma ya duka mpaka chai ikaisha birikani.

Kwa majuma kadhaa mume wangu alizungumza nami habari za chumvi na geti tu. Kisha siku moja nilisikia vyuma vikiburutwa. Alikuwa amekitoa kile kichwa nyuma ya banda la kuku, na bomba lake likiwa bado limefungwa ubavuni. Alilipima kwa mikromita, akaandika namba nyuma ya kalenda ya mwaka huu, ambao haujaisha. Mseto huo sasa umo ndani ya pikapu yetu. Unapanda Rodi na gia ya tatu. Na ugomvi umerudi: jana tu alimwambia mteja dukani kwangu kwamba nyekundu ni injini nzuri sana kwa mtu anayeishi kwenye uwanja wa ndege.

Ikifika Ijumaa na kichwa hakijafungwa, hukifunika kwa shuka safi na kukiacha bila kukifunga mpaka Jumapili. Bolti amenirudishia, spana ya kipimo inanisubiri mahali pake, na ninakaza nikihesabu kwa sauti. Kizibo hanipi. Anakitia mwenyewe, kwa vidole vile vinene, inamchukua karibu saa nzima. Kinamponyoka, kinabingiria chini ya meza, anatukana kwa Kijaluo, anaanza upya. Mimi nakaa kwenye kigoda nikimmulikia tochi. Akimaliza anaangalia, kisha anaangalia tena. Vidole vyangu bado ni vyembamba, na mkono usioshika tochi naukunja mapajani nikisubiri amalize.